Macho Yabaki Nje, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimesikia umeruka peke yako. Hongera sana. Hapa Ujerumani mtoto wa miaka 14 huweza kupaa na glaida bila mwalimu, miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kuendesha gari peke yake, na mimi sina ugomvi na sheria hiyo. Kinachonitia hofu ni habari nyingine. Nimeambiwa unaweka akiba ununue variometa mpya yenye skrini ya rangi, na kwamba majira haya ya baridi, wakati ndege zote zimeingizwa ndani na wanaklabu wanashinda karakanani, unataka kuifunga kwa mikono yako.

Sikukatazi. Ila nisikilize kwanza, mwanangu, kabla hujatoboa dashibodi ya watu.

Glaida haina injini. Kimo chote ulicho nacho umepewa na winchi au na ndege iliyokuvuta, na ukishaachia kamba umeanza kukitumia. Ili ubaki angani ni lazima upate hewa inayopanda haraka kuliko wewe unavyoshuka, na hewa hiyo haina rangi. Mwili nao hautoshi. Mwili husikia pale unapoanza kupanda na pale unapoacha. Ukishatulia katika mwendo mmoja, hauwezi kukwambia kama unakwenda juu au chini.

Wazee wa milima ya Rhön, hapahapa Ujerumani, walilijua hilo kwa taabu. Mashindano ya kwanza ya glaida huko yalifanyika kwenye mlima Wasserkuppe mwaka 1920, na kwa miaka mingi iliyofuata marubani waling'ang'ania zaidi miteremko, mahali upepo unapogonga mlima ukalazimika kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mbunifu wa ndege Alexander Lippisch na rubani Robert Kronfeld wakaingiza ndani ya glaida chombo cha kuonyesha kupanda na kushuka, ambacho watu wa maputo walikuwa nacho tayari. Mwaka 1929 Kronfeld akawa mtu wa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa glaida. Chombo hicho ndicho variometa, na ndicho unachotaka kukinunua leo kikiwa kimevikwa skrini.

Sasa elewa kinavyofanya kazi, maana asiyekielewa hawezi kukifunga.

Variometa ya mshale, au vario kwa kifupi, ina chupa. Ni chupa iliyokingwa dhidi ya joto, aghalabu ya mililita 450, nayo imeunganishwa kwa mrija na upande mmoja wa saa, yaani kipimo chenye mshale. Upande wa pili wa saa umeunganishwa na hewa ya nje. Ukipanda, shinikizo la nje hupungua, hewa ya chupani hutoka, na katika kutoka kwake husukuma kibao chembamba kilichoshikamana na mshale. Ukishuka, hewa hurudi. Zamani watu walifunga chupa za chai zenyewe, wakazijaza nyuzi laini za shaba ili joto la ndani lisibadilike ghafla.

Ukipanda mita moja kwa sekunde karibu na usawa wa bahari, hewa inayotoka katika chupa hiyo ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita kwa sekunde. Huo ni ujazo wa tone moja la maji. Juu ya tone hilo ndipo unapoegemeza uamuzi wako wa kukata kona, wa kuendelea na safari, wa kutua au kutotua. Basi fikiri mwenyewe ufa mdogo kwenye mrija unaweza kufanya nini.

Fikiri pia joto. Hewa ya chupani ikipata joto kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, hutanuka na kutoka kiasi cha kukuonyesha kimo cha karibu mita 30 ambacho hukukipanda. Kwa hiyo chupa usiiweke jua linapoipiga kupitia kioo. Ifiche nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, ifunge isicheze, na uifunike.

Utaniambia vario ya kisasa haina chupa, ina kihisi cha shinikizo na kompyuta. Ni kweli. Lakini kihisi nacho kinaletewa habari na mrija, na mrija ukivuja kompyuta itafanya hesabu safi kabisa juu ya uongo. Bei haizibi tundu, mwanangu. Nimeona vifaa vya thamani ya gari dogo vikipiga kelele hovyo kwa sababu ya kipande cha plastiki kilichokakamaa.

Kwa hiyo nakusihi: kabla hujanunua chochote, badilisha mirija. Yote. Plastiki ya miaka mingi hukakamaa, ncha zake hupanuka na kupasuka pale inapovikwa kwenye viungo. Mirija laini ya silikoni hushika vizuri, lakini ukiikunja sana hujibana yenyewe na hewa haipiti. Fuata mkondo wa kila mrija kwa kidole tangu mkiani hadi kwenye saa. Viungo vya njia tatu viwe vichache. Andika jina la kila mrija kwenye ncha zote mbili, maana atakayekuja baada yako kufungua dashibodi hatakuwa na akili zako.

Halafu pima uvujaji. Tenga vario, ziba ncha ya mrija wake, unganisha kwa muda saa ya kasi kupitia upande wake wa shinikizo tuli, kisha nyonya taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mshale ukipanda, bana mrija na usubiri dakika nzima. Ukirudi nyuma, kuna tundu, litafute. Na tafadhali usipulize kwa mdomo, wala usinyonye kwa mdomo. Pafu lina nguvu kuliko unavyodhani, na saa za ndege huharibika kwa pumzi moja.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Ukiwa na kasi ya kilomita 150 kwa saa, ukavuta fimbo ya usukani taratibu hadi kasi ikashuka kuwa 100, utapata kimo cha karibu mita 50. Hewa haikukupa hata mita moja. Umeuza kasi ukanunua kimo, basi. Lakini vario isiyosahihishwa itakuimbia wimbo wa kupanda, mshale utaruka juu, na moyo wa kijana utaruka nao. Marubani wa Kijerumani na wa Kiingereza walihangaika na uongo huu kwa miaka, hadi wakapata mrija unaonyonya: kasi ikiongezeka hunyonya zaidi, ikipungua hunyonya kidogo, na mnyonyo huo ukiwa na kipimo sawasawa, hufuta kile kimo cha kuvuta fimbo na kuacha habari ya hewa peke yake. Mwaka 1976 Oran Nicks wa NASA alieleza namna rahisi ya kuutengeneza, mrija mwembamba ulioinamishwa mbele wenye tundu kwa nyuma. Mirija ya ukoo huo ndiyo unayoiona leo imetokeza kwenye pezi la mkia.

Ni kijiti kidogo, na huchomolewa kila ndege inapoingizwa kwenye tela. Kwa hiyo husahauliwa. Au hurudishwa bila kusukumwa hadi mwisho, na pete ya mpira iliyo kwenye shina lake imechakaa. Au mdudu amejenga humo. Au maji ya mvua yameingia na kukaa katikati ya mrija, na vario inadunda juu chini bila mpangilio. Kikague kijiti hicho kila asubuhi kwa mkono wako. Zungushia utepe kwenye shina. Ukikichomoa, kiweke mahali palepale siku zote.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa ajili ya kijiti?

Nisikilize. Ni saa kumi na moja jioni, hewa inachoka. Kijana yuko mita 150 juu ya ardhi, mbali na uwanja, na shamba la kutua bado hajalichagua kwa sababu hataki kuamini kwamba siku imekwisha. Anapita juu ya ukingo wa msitu, anavuta fimbo kidogo bila kujijua, kama watu wote wanavyofanya wakiiona ardhi inakaribia. Vario inaimba. Anasema moyoni, nimeokoka. Anakata kona. Kasi inazidi kupungua, kona inazidi kukaza, macho yako kwenye mshale. Bawa la ndani linapoteza unyanyuo, pua inaanguka, ndege inaanza kusokota. Kwa kimo kile hakuna nafasi ya kuitoa, na mwavuli hauwahi kufunguka.

Nimekwenda kwenye maziko ya namna hiyo. Nimewashika mikono mama zao. Sitaki kumshika mama yako.

Aliye chini hajadili, hutua. Yaweke maneno hayo kichwani, mjukuu wangu. Panga na mwalimu wako kimo ambacho ukikifikia vario haina tena neno kwako, hata iimbe namna gani. Ukiwa chini ya hapo, kazi yako ni shamba, upepo na kasi.

Na usahihi wa kijiti usiuchukue kwa imani. Upime. Asubuhi na mapema, hewa ikiwa imetulia, ruka kwa kasi 150 mpaka mshale utulie kwenye ushukaji wake. Kisha vuta taratibu hadi 100. Mshale unapaswa kusogea polepole kutoka ushukaji mkubwa hadi ushukaji mdogo, pasipo kuruka. Ukiruka juu kwanza, usahihishaji haujatosha. Ukizama kwanza, umezidi. Vyovyote vile, iteremshe ndege na urudi kwenye mirija yako, kwa kuwa mara nyingi kosa liko huko.

Tuje kwenye kuchagua. Wewe unataka skrini. Vijana wote wanataka skrini: ramani, rangi, namba sita kwa mpigo. Mimi nakuomba uchague kwa sikio.

Piga hesabu hii pamoja nami. Ukizunguka ndani ya hewa inayopanda kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa huku umelalia bawa nyuzi 45, duara zima linakuchukua sekunde 16 hivi. Vario ya mshale inayochelewa sekunde tatu inapokuonyesha kupanda, wewe umekwishapita mahali hapo kwa mita 75, yaani karibu sehemu ya tano ya duara. Lazima akili yako irudi nyuma iseme, ilikuwa kule. Sasa katika sekunde hizo 16 kuna glaida nyingine tatu katika duara lilelile, moja mbele yako, moja juu kidogo, moja inayoingia kutoka upande wa jua. Sekunde ngapi umebakiza za kutazama skrini?

Ndiyo maana sauti ilibuniwa. Inapopanda hewa, mlio hupanda na kudunda haraka. Inaposhuka, hushuka au hunyamaza. Sikio halina kope. Linakufanyia kazi hata pale macho yanapotafuta ndege, mawingu na mashamba. Ukienda kununua, mwombe mwenye kifaa akiwashe, wewe ufumbe macho, yeye acheze na bomba la sindano kwenye mrija. Je, unaweza kutofautisha kupanda kwa mita moja na kupanda kwa mita tatu bila kutazama? Unaweza kuifikia sauti kwa vidole vilivyovaa glavu na kuipunguza redio inapoita? Kama huwezi, rudisha hata kama ni bure.

Nimesikia ukisema kwamba FLARM, kile kifaa cha kuonya dhidi ya kugongana na ndege nyingine, itakuonya. Ni kifaa kizuri, kilianzia Uswisi mwaka 2004, na kimeokoa wengi. Kifunge, sina neno. Lakini hasa humuonya mwenye nacho juu ya mwenye nacho mwenzake. Ndege ndogo ya mzee fulani kutoka uwanja wa jirani haina. Puto halina. Macho yabaki nje.

Kitu kimoja kwenye skrini nakubali kina faida kubwa, nacho ni wastani. Vijana mkishuka huhadithiana kilele cha mshale: nilipata mita nne kwa sekunde, nilipata tano. Angalia wastani wa nusu dakika na utakuta moja na nusu. Wastani ndio unaokupandisha. Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1956 kule Saint-Yan, Ufaransa, aliwafundisha watu kuchagua kasi ya safari kwa kadiri ya nguvu ya hewa wanayotazamia mbele. Aliyedanganyika na kilele atakwenda mbio kupita kiasi, atafika chini, na chini nimekwisha kukueleza.

Na ndege wenye manyoya je? Mwanabiolojia Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi na korongo wa Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akachapisha aliyoyaona mwaka 1972. Hao hawakufungiwa chombo chochote, na aliwafuata kwa sababu wao ndio wajuzi. Korongo weupe unaowaona wakizunguka juu ya vijiji hapa wakati wa kiangazi, wengine huishia kwetu Afrika Mashariki baridi inapoingia, na njia yote huizunguka bahari kwa kuwa juu ya bahari hakuna hewa ya kuwanyanyua. Mbayuwayu wakikusanyika mahali pamoja angani, wanakula wadudu waliobebwa na hewa inayopanda. Haya yote yako upande wa pili wa kioo, na hutayaona ukiwa umeinama.

Ushauri wangu basi ni huu. Funga vario mbili, usifunge tatu. Moja ya elektroniki yenye sauti nzuri. Moja ya mshale, yenye chupa, isiyohitaji umeme hata chembe. Betri hufa, mjukuu wangu, na hufa saa tisa alasiri ukiwa mbali na nyumbani, ikafa na redio na skrini pamoja. Mshale utabaki. Usidharau ya mtumba. Saa ya mshale iliyotunzwa huzeeka polepole kuliko programu.

Pima matundu kabla ya kununua: saa nyingi ni za milimita 57 au 80, na dashibodi ya glaida haina nafasi ya kubahatisha. Ukiziunganisha vario zote mbili kwenye mrija mmoja wa mkiani, jua kwamba hewa ya chupa hupita humo pia na inaweza kuitikisa jirani yake. Soma mwongozo wa kila kifaa kuhusu hilo, na urefu wa mirija usiwe wa kukisia.

Sasa umeme. Fyuzi ikae kwenye betri, karibu kabisa, isiwe kwenye dashibodi. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukikwaruzwa na chuma utawaka, nawe umefungwa mikanda mbele yake, ukiwa na kioo juu na moshi ndani. Tafadhali usilifanyie haraka jambo hili.

Na lile linalozidi yote. Nyuma ya dashibodi hupita kebo za pedali, na karibu yake iko fimbo ya usukani. Ukiacha nyuzi na mirija ikining'inia humo kama tambi, siku moja kitanzi kitashika kitu kisichopaswa kushikwa. Kila waya ufungwe kila baada ya kiganja kimoja. Sukuma pedali hadi mwisho, kushoto na kulia, uzisogeze mbele kabisa na nyuma kabisa, zungusha fimbo pembe zote, huku mwenzako ana tochi na anatazama nyuma. Kama dashibodi ya ndege yenu huinuka pamoja na kioo, ifungue na kuifunga mara nyingi ukitazama mirija inavyojikunja. Siku utakayolazimika kurusha kioo na kuruka kwa mwavuli, pasiwe na waya wa kukuvuta magoti.

Spika ina sumaku, kwa hiyo iweke mbali na dira. Ukishafunga, ikague dira upya vifaa vyote vikiwa vimewashwa.

Ukimaliza, usiipeleke ndege uwanjani papo hapo. Hata gramu mia kadhaa zilizowekwa mbele puani huhamisha kitovu cha uzito, na wewe ni mwembamba, huna uzito wa kuchezea. Hesabu ya uzito iandikwe upya, mkaguzi wa klabu afungue dashibodi aone kwa macho yake, atie sahihi kwenye kitabu cha ndege. Akikwambia fungua tena, fungua bila kununa.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa karakanani. Njoo na mirija mipya na bomba la sindano, na mirija hiyo usiikate kabla sijafika.